Siku ya Nne ya Mgeni

Mengi yameandikwa juu ya mtu atokaye shamba kwenda mji mkubwa kutafuta kazi, na juu ya mgeni avukaye mpaka wa nchi kwa sababu hiyo hiyo. Mji mkubwa huvuta macho. Taa zake huonekana mbali, na taabu zake husikika mbali pia. Lakini wako wengine, wala si wachache, ambao hawakufika huko. Waliteremka katika mji wenye soko moja na barabara moja, wakaomba kazi ya kuchuma kahawa, kuvuta nyavu, kupasua mbao, kufyatua matofali au kuwapikia wasafiri, wakakaa. Kwa nini walikuja si swali gumu, maana walifuata riziki, na kufuata riziki si aibu. Swali gumu ni la haki: mji mdogo upokeao kazi ya mgeni una deni gani kwake baada ya kumlipa ujira wake?

Waswahili wanayo methali ijulikanayo na kila mtu: Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliitaja katika maandiko yake juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamaa ya asili hapakuwa na nafasi ya mtu mwenye nguvu kula jasho la wengine, na kwamba mgeni mwenyewe aghalabu aliomba jembe kabla hajapewa. Watu huisikia methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu, na kweli yaonya. Lakini ina upande wa pili usiosemwa sana, nao ni kwamba humfunga mwenyeji pia. Ampaye mtu jembe hana budi kumwonyesha mahali pa kulima. Na alimaye leo hungoja mavuno ya kesho, kwa hiyo aliyepewa jembe amepewa na ruhusa ya kukaa. Upo wimbo wa mzaha unaoendelea kuhesabu hadi siku ya kumi, mgeni akafukuzwa. Lakini huyo ni mgeni aliyekuja kutembea, na mtafuta kazi hakuja kutembea. Juu yake methali huhesabu siku tatu ikanyamaza. Siku ya nne imeachiwa busara ya watu.

Swali hili laweza kupimwa vema katika nchi ya Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Ngumbo imo katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mbele yake ni ziwa. Nyuma yake nchi hupanda kuelekea milima ya Wamatengo, ambako kahawa hustawi, na mashamba hulimwa kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa katika mteremko ili mvua isichukue udongo. Watu wa mwambao hula ugali wa muhogo na samaki, na usipa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Miji ya jirani ni midogo: Liuli, Lituhi na Mbamba Bay kando ya maji, na Mbinga juu ya milima. Hapana hata mmoja kati ya hiyo uwezao kufananishwa na Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022.

Kwa miaka mingi nchi hii ilijulikana kwa kutoa watu kuliko kupokea. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake, hasa ya Tanga, yalitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ilikusanya watu kutoka nchi za mbali za kusini na magharibi, na hata kutoka ng'ambo ya mipaka. Vijana wa kusini waliacha wake na wazee, wakasafiri siku nyingi kwenda kukata majani yenye miiba katika nchi ambayo hawakuijua. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakashuka katika migodi ya Afrika Kusini, hata Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na uandikishaji wa namna hiyo ukakomeshwa.

Kibarua wa mkonge alipewa kipande, karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi, akaitwa manamba, jina lililotokana na neno namba. Jina hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyekuwa na baba, ukoo, utani na mahali pa kuzikwa alitwaliwa kama tarakimu katika daftari. Tarakimu haiugui, ikifutwa, nyingine huandikwa mahali pake. Si lazima kila mnyapara awe mkatili ili jambo hilo liwe baya. Wako waliokuwa wapole. Ubaya ulikuwa katika hesabu yenyewe, iliyojua idadi ya mikono bila kutaka kujua mikono ile ni ya nani.

Mtu angedhani kwamba nchi iliyoonja uchungu huo itakuwa na huruma kwa wageni wake. Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Kumbukumbu ya dhuluma hufundisha mambo mawili: humfundisha mmoja huruma, na mwingine humfundisha namna dhuluma inavyofanywa. Mzee aliyepunjwa ujira Tanga aweza kurudi kwake akaapa kwamba hatampunja mtu. Aweza pia kurudi akijua kwamba mgeni hana wa kumsemea. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema. Ndiyo maana swali la siku ya nne halijibiwi kwa historia tu, lataka uamuzi.

Na wageni wamekuja. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, maelfu walikimbilia kaskazini ya mto Ruvuma, na moja ya makazi waliyofunguliwa lilikuwa Lundo, katika nchi hii ya Nyasa. Hao walikimbia mauti, si umaskini, lakini mara walipokwisha pumzika nao walipewa jembe. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wengi walirudi kwao. Tangu hapo vivutio vimekuwa vya namna nyingine. Kahawa ya Mbinga, ichumwapo katika miezi ya kiangazi, huita wachumaji kutoka mwambaoni na kutoka mbali zaidi. Makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, yameleta madereva wa malori, mafundi na wapishi. Barabara iliyoshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imetiwa lami. Meli ya MV Mbeya II ilianza safari zake ziwani mwaka 2021. Na kazi ya bandari mpya ya Mbamba Bay imeanza. Wakinga, waliosifika kusini kote kwa biashara, wamefungua maduka. Na katika ziwa lenyewe, ambalo nchi tatu hulitumia, wavuvi hawakuacha kamwe kufuata samaki kwa sababu ya kuona bendera nyingine ufukweni.

Wataalamu wa uchumi wameeleza mienendo hii kwa njia mbalimbali. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walieleza kwa nini watu huendelea kumiminika mjini hata kazi zikiwa haba: mtu hupima ujira mkubwa wa mjini pamoja na bahati yake ya kuupata, na tumaini hilo hushinda uhakika mdogo wa shamba. Hoja yao ilitoka katika mambo ya Afrika, nayo ina ukweli mwingi. Lakini uchunguzi mwingine, uliofanywa mkoani Kagera kwa kuwafuata watu wale wale tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi mwaka 2010, ulionyesha jambo lisilotazamiwa na wengi. Katika waliotoka kwenye umaskini, kama nusu yao walitoka kwa kushika kazi zisizo za kilimo vijijini au kwa kuhamia miji midogo. Waliotoka kwa njia ya mji mkubwa walikuwa kama mmoja katika saba. Aliyekwenda mji mkubwa alizidi kutajirika upesi, ila wenzake walioweza kufanya hivyo walikuwa wachache.

Sababu zake si fumbo. Mji mdogo u karibu, na nauli yake ni ndogo. Mtu aweza kurudi kwake kupanda, kisha akaja tena. Kazi zake hazitaki cheti, na aliyeshindwa hana safari ndefu ya kurudi. Kwa hiyo mlango wa maskini, kwa sehemu kubwa, ni mji mdogo. Lakini hesabu ya waliopita mlangoni haielezi walivyopokewa ndani, na hapo elimu ya uchumi hukabidhi swali kwa elimu ya maadili.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitoa kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu kati ya mataifa. Humo alitetea haki ya kila mwanadamu kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa uadui, kwa sababu dunia ni duara na watu hawawezi kutawanyika pasipo kikomo. Mwisho wake lazima wakutane. Lakini alisema kwamba haki hiyo ni ya kuzuru tu. Kukaa kwataka mapatano mengine. Fikira hiyo ikiwekwa kando ya methali ya Kiswahili, huonekana kwamba Kant alikoma siku ya pili. Methali imekwenda mbele yake kwa siku moja, maana imetambua mapatano yasiyoandikwa: mwenyeji atoapo jembe na mgeni alipokeapo, wawili hao wamekwisha kupatana. Hapana mwanasheria aliyekuwapo, wala wino uliomwagika, lakini mmoja ametoa mahali na mwingine ametoa jasho, na neno lao ni moja.

Katika mji mkubwa mapatano hayo huweza kufichika. Mwenye kiwanda hununua nguvu za mtu kwa saa nane. Jioni mlango hufungwa, na mtu hupotea katika umati. Alalapo, amwuguzaye, watoto aliowaacha, hayo hayajulikani. Na asiyejua aweza angalau kusema kwamba hakujua. Mji mdogo hauna udhuru huo. Mchumaji kahawa hununua chumvi katika duka la ndugu wa mwenye shamba. Hukaa naye benchi moja kanisani au safu moja msikitini. Mtoto wake husoma darasa moja na mtoto wa diwani. Akipatwa na homa, habari huenea kabla jua halijachwa. Basi hapa ndipo penye msingi wa hoja: kujua huzaa deni. Aliyemwona jirani yake akizama hahukumiwi sawa na aliyekuwa nyuma ya mlima. Kosa la mji mkubwa kwa mgeni aghalabu ni kumsahau. Kosa la mji mdogo, ukikosa, ni kumkana, na kumkana mtu unayemjua ni kosa zito zaidi.

Kukana huko mara chache huja kwa matusi. Huja kwa mambo madogo yanayofanywa kila siku. Mchumaji hulipwa kwa debe. Debe la mgeni hushindiliwa mpaka likafurika, na la mwenyeji hupokewa likiwa usawa wa mdomo. Kuku akipotea, jina la mgeni hutajwa kwanza. Nyavu zikirudi tupu, fungu lake ndilo lipunguzwalo. Kikao cha kitongoji kikikaa kujadili kisima anachochota maji naye, hushauriwa asiseme, kwa kuwa si wa hapa. Miaka 10 hupita, akaitwa bado yule wa ng'ambo. Na mtoto wake, aliyezaliwa mwambaoni na asiyejua mahali pengine, akawa mgeni kwa urithi. Mikono ya mtu huyo imeingia ndani ya mji siku nyingi, lakini yeye mwenyewe amesimamishwa mlangoni. Huyo naye ni manamba, ingawa mji wamjua jina.

Yako majibu mawili yenye nguvu yanayoweza kutolewa na watetezi wa mji mdogo, wala si haki kuyapita. La kwanza ni la uhaba. Mji mkubwa, husemwa, ni tajiri. Waweza kuongeza mtu kama bahari iongezavyo tone. Mji mdogo una ardhi ya kuhesabika, kisima kimoja, darasa lililojaa. Katika milima ya Umatengo ardhi imekuwa haba kiasi cha kuwafanya wenyeji wenyewe wahame. Ni ukarimu gani huo unaompa mgeni shamba la mwanao?

Jibu hili lina ukweli, na ukweli wake lazima ukubaliwe. Lakini lachanganya vitu vya aina mbili. Viko vitu vipunguavyo vikigawanywa: shamba, maji ya kisima, nafasi darasani. Na viko visivyopungua: debe la haki, ushahidi wa kweli, jina la heshima, kusikilizwa katika shauri, kupokewa salamu, kuzikwa kwa staha. Katika vitu vya aina ya kwanza mji una haki ya kupima na kutanguliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yenyewe imeweka ardhi ya kijiji chini ya mamlaka ya kijiji, na halmashauri itoayo kwanza kwa watoto wa kijiji haijamdhulumu mtu. Katika vitu vya aina ya pili hakuna uhaba wa kusingizia. Hapana mji uliofilisika kwa kupima debe sawasawa. Mwenyeji asemaye kwamba hana shamba la kutoa aweza kuwa mkweli. Asemaye kwamba hana haki ya kutoa ameishiwa na kitu ambacho hakingeweza kumwishia ila kwa kupenda kwake.

La pili hutoka upande mwingine kabisa. Husemwa kwamba kujulikana si neema kwa kila mtu. Wako waliokimbilia mji mkubwa kwa sababu huko hawaulizwi: mjane aliyechoka kurithiwa, kijana aliyechoka na amri za wajomba, mtu aliyefungwa zamani na sasa ataka kuanza upya. Kwao usahaulifu wa mji mkubwa ni pumziko, na macho ya mji mdogo ni gereza lisilo na kuta. Ikiwa kujua huzaa deni, je, hakuzai utawala pia?

Hakika huzaa, mtu asipojihadhari. Mji mdogo unaojua habari za kila nyumba huweza kuitumia elimu hiyo kama fimbo. Kwa hiyo deni la mji halilipwi kwa kumchunguza mgeni zaidi, kana kwamba upendo ni upelelezi. Kipimo chake ni usawa: mgeni asiulizwe jambo ambalo mwenyeji haulizwi. Anayeacha habari zake za nyuma na aziache, maadamu mwenendo wake wa leo ni mwema. Kumjua mtu kunakodaiwa hapa ni kule kwa jirani, ajuaye kwamba mwenzake ni mgonjwa na hajui, wala hataki kujua, kwa nini alihama kwao.

Yabaki neno la sheria. Serikali ina haki ya kujua nani ameingia nchini, na kudai vibali. Nchi isiyoweza kufanya hivyo haitaweza kuwalinda hata raia wake. Lakini mstari wa sheria na mstari wa maisha haviendi sambamba daima. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliacha mabishano juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, yaliyozuka tena kati ya Tanzania na Malawi mwaka 2012. Na ndugu waliokuwa wakioana kuvuka maji hayo kabla ya 1890 hawakushauriwa juu ya mpaka. Sheria nayo hujifunza. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliitwa wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Hawakubadilika siku ile. Dola ilikiri jambo ambalo mashamba yao yalikuwa yamelisema muda mrefu.

Hata hivyo mji mdogo haupaswi kungoja cheti ili utende haki, wala haupaswi kuutumia upungufu wa cheti kuwa faida. Mwenye shamba amwajiriye mgeni akijua kwamba hana karatasi, kisha siku ya malipo akamtisha kwa karatasi hizo hizo, hakusaidia sheria. Ameifanya iwe rungu la wizi wake. Kama mtu hakustahili kuchuma, asingechumishwa. Akiisha chuma, ujira ni wake, awe na karatasi au asiwe nayo; na suala la kibali ni suala jingine, la kuamuliwa na wenye mamlaka.

Mgeni naye ana wajibu wake, maana haki ya upande mmoja haisimami. Anapaswa kujifunza salamu za mahali, kuheshimu makaburi asiyoyajua, kushiriki kuchimba kisima anachochota, na kutodharau mji kwa udogo wake. Mgeni mchache wa heshima hujinyima mwenyewe siku ya nne. Lakini wajibu wa mwenyeji ndio utanguliao, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mlango.

Siku ya kujua kama mji umelipa deni lake ni siku ya msiba. Mgeni afapo Mbamba Bay au Mbinga, mbali na kwao, wapo watakaouliza nani atalipa jeneza, na wapo watakaochukua majembe bila kuuliza. Chombo kile kile alichopewa siku ya tatu ili ailimie nchi hutumika siku hiyo kumfungulia nchi hiyo impokee. Mahali ambapo watu huyachukua majembe hayo kwa ajili ya mgeni kama wayachukuavyo kwa ajili ya mzaliwa, na watoto wake wakaachwa wakae walipokaa baba yao, pana haki ya kuitwa mji, hata kama pana soko moja tu na barabara moja.